Shikamoo Haiachwi Mlangoni

Wapo watu wanaomfahamu Mama Masjala bila kumwona hata siku moja, kwa sababu walikosea namba ya simu. Namba yake ilifanana sana na ya duka moja la mbegu, na kila mvua zikikaribia wakulima walimpigia yeye. Mtu akianza na "Shikamoo," basi ameshaingia ndani. "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Mashamba mmeshasafisha?" Atasikilizwa mpaka habari za ng'ombe aliyezaa, ataombewa dua, na mwisho kabisa ndipo ataambiwa kwa upole, "Sasa mwanangu, umekosea namba. Hapa si dukani." Wengine walipiga tena wiki iliyofuata, na nina hakika hao hawakukosea.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika ofisi moja hapa Tabora mjini, mimi nikiwa katibu muhtasi wa bosi, yeye akiwa mkuu wa masjala, kile chumba cha mafaili kilicho mkono wa kulia ukishapita mapokezi. Jina alikuwa nalo, tena zuri, ila hakuna aliyelitumia. Bosi alimwita Mama Masjala, mlinzi alimwita Mama Masjala, na fundi wa mashine ya kudurufu aliwahi kumwandikia risiti kwa jina hilohilo. Alizaliwa wapi na kwa ukoo gani sitaeleza. Mwenyewe alisema habari hizo husomwa msibani, na yeye hakuwa na haraka.

Alikuwa mwanamke mpana, mwenyeji wa Isevya, mwenye mwendo wa taratibu usiobadilika kwa sababu yoyote. Hata mvua ikimkuta katikati ya uwanja wa ofisi hakukimbia. Sisi tungekuwa tumeshabanana barazani tukimpigia kelele aharakishe, naye anakuja tu na khanga yake kichwani. "Anayekimbia analowa, anayetembea analowa," alisema akifika. "Bora nilowe na heshima yangu." Kisha angepiga chafya kutwa nzima na kutulaumu sisi kwa kelele zetu.

Masjala yake ilikuwa kimya kama msikiti baada ya swala. Hapo mtu hakupandisha sauti, hakula karanga, wala hakuegemea kabati. Aliijua kila karatasi ilipolala, lakini miwani yake ilimpotea kila siku, na kila siku ilikuwa kichwani pake. Tulimwacha aitafute kidogo kwanza. Hiyo ilikuwa burudani yetu ya saa nne, kabla ya chai.

Jambo lililonichanganya kwa muda mrefu ni kwamba mtu huyu aliyependa salamu kuliko wote hakupenda maongezi. Salamu zake zilikuwa ndefu, zilipita kwa mume, kwa watoto, kwa wagonjwa na kwa mazao. Zikishaisha, zimeisha. "Haya, sema shida yako," angesema, na ukijaribu kuongeza umbea hata kidogo, anageukia kabati. Nilidhani ni kiburi. Baadaye nikaona kwamba kwake salamu haikuwa mlango wa kuingilia kwenye maongezi. Salamu yenyewe ndiyo ilikuwa maongezi, na yale mengine ni kazi.

"Shikamoo ni mgeni," alituambia, "haiachwi mlangoni." Na ukimbishia: "Mtu amekushika miguu kwa mdomo wake, wewe unamwacha ameinama?"

Mhasibu wetu alipohamia kutoka Dar es Salaam, kijana mtanashati wa viatu vyenye ncha, alipita masjala siku ya kwanza akasema, "Mambo, Mama?" Akajibiwa, "Mambo yako yako ofisini kwako, nenda kayaangalie." Kijana akajifunza. Lakini akajifunza nusu, maana baada ya wiki mbili tatu akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, asubuhi na mapema, "Shkm Mama." Mama Masjala aliinuka kwenye kiti chake, akapita mapokezi, akapanda ngazi na magoti yake yale mabaya, akasimama mbele ya meza ya mhasibu akihema.

"Nimekuja kuitikia," akasema. "Ila kwanza niambie, ulichoandika ni salamu au ni ugonjwa?"

"Ni shikamoo, Mama."

"Basi iseme."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Akashuka ngazi. Tangu siku hiyo mhasibu aliandika neno zima, na nadhani ndiye mtu pekee wa umri wake katika nchi hii anayefanya hivyo.

Hata bosi hakupona. Alikuwa mdogo kwake kwa umri, na mara nyingi nilimwona akitoka ofisini kwake amekunja uso, anakwenda masjala kufoka kwa sababu faili limechelewa. Akifika mlangoni, adabu ya nyumbani kwao ilimshika, akasema shikamoo. Mama angeitikia, angemuuliza mkewe anaendeleaje na ujauzito, na bosi angerudi na faili mkononi bila kufoka. "Nilikwenda kusema nini vile?" aliniuliza siku moja. Nikamwambia sijui, ingawa nilijua.

Sasa niseme habari ya kamba, maana bila kamba mama huyu utakuwa umemwona upande mmoja tu.

Ofisi za mjini kwetu zina bonanza lao kila mwaka wakati wa kiangazi. Kuna mpira wa miguu wa wenye vitambi, kuna rede, kuna kukimbiza kuku, kuna bao na karata kwa wenye magoti mabovu, na mwisho kabisa, jua likianza kulegea, akina mama wanavuta kamba. Zawadi ya kamba ni mbuzi. Mbuzi huyo hufungwa pembeni tangu asubuhi ili watu wamwone, naye awaone.

Mama Masjala alisema hapendi michezo. Alilisema hilo kila mwaka, huku akivua ndala na kujifunga khanga ya pili kiunoni juu ya suruali ya mazoezi. Nafasi yake ilikuwa mwisho kabisa wa kamba, ncha ikimzunguka mgongoni na kupita begani. Alichimba visigino ardhini, akaegemea nyuma, akatulia. "Kamba haivutwi," alitufundisha. "Wewe kataa tu kuondoka. Watakubembeleza mpaka wachoke." Mimi niliyetoka Puge, nyumbani kwa watu wa jembe, nilijiona nina nguvu. Alinitazama mikono akaniweka mbele kabisa, mahali pa wembamba, akasema nguvu zangu ni za kuchapa barua.

Mazoezi yalikuwa Ijumaa baada ya kazi, nyuma ya ofisi. Dereva wetu alijipa ukocha, akajinunulia na filimbi. Kamba ilikuwa ileile ya kuvutia gari la ofisi likikwama topeni, na tulilivuta gari lenyewe, yeye akiwa ndani amekanyaga breki na kupuliza filimbi dirishani. Tukimaliza, Mama alifungua bakuli lake la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaja navyo vimechemshwa na kuungwa karanga. Tulikula kwa mikono, tumekaa chini, na wasiokuwa kwenye timu walijipitisha pitisha hapo kwa visingizio.

Wapinzani wetu walikuwa ofisi ya ng'ambo ya barabara. Mchana ni majirani wema, tunaazimana hata wino wa mashine, lakini kwenye kamba hatukuwahi kuwashinda. Nguvu tulikuwa nazo, kwa hiyo tatizo halikuwa hilo.

Tatizo lenyewe lilianza kwa bahati mbaya. Tulikuwa tumewakaza, kamba imesimama, hakuna anayesogea, na sote tulijua kwamba wao ndio watakaochoka. Karani wao mmoja, binti mpya, alikuwa anapita pembeni na soda za wachezaji. Akamwona mama mtu mzima, akapiga goti kama alivyofundishwa kwao. "Shikamoo, Mama!"

Mama Masjala akageuza shingo. "Marahaba, mwanangu! Hamjambo nyu—"

Hakumaliza. Tuliburutwa wote, mimi nikiwa mbele, na vumbi la uwanja ule nalikumbuka ladha yake mpaka leo.

Mwaka uliofuata haikuwa bahati mbaya tena. Kamba ilipokaza tu, wakajipanga pembeni vijana wao, wanaume kwa wanawake, wakaanza mmoja baada ya mwingine: Shikamoo, Mama! Shikamoo, Mama Masjala! Naye akaitikia kila mmoja, kila mmoja na mwanangu wake, pumzi ikimtoka kidogo kidogo na visigino vikilegea. Yule mbuzi akaenda ng'ambo ya barabara. Tulisikia harufu ya supu yake kesho yake, na upepo ulikuwa unakuja upande wetu.

Tulikasirika, sisemi uongo. Dereva ndiye aliyeanza, tukiwa tumekaa nyuma ya ofisi.

"Mama, ni dakika chache tu. Ziba masikio."

"Nizibe masikio kwa pamba? Nimekuwa maiti?"

"Basi itikia moyoni," mhasibu akasema. "Kimya kimya."

"Moyoni atasikia nani?"

"Lakini wanakuchezea, Mama!" nikasema mimi. "Hawakusalimii kwa heshima, wanakusalimia ili udondoke."

"Ya kwake ni ya kwake," Mama akasema. "Anayesalimia kwa hila, hila atakwenda nayo nyumbani. Mimi nadaiwa marahaba tu." Hapo akafunika bakuli lake la michembe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla hatujashiba.

Ungedhani mbuzi hakumjali. Si kweli, na hicho ndicho kilichoniuma. Kabla ya mechi ile nilimwona peke yake pale alipofungwa mbuzi, anamkuna shingoni, anamwambia, "Mwaka huu, inshallah." Na uliobaki ulikuwa mwaka mmoja. Baada ya hapo anastaafu.

Suluhisho lilitujia kwa mlinzi, naye hakuwa na nia hiyo. Ijumaa moja tulikuwa tumelikaza gari, dereva ameng'ang'ania breki, halisogei. Mlinzi wetu, kijana wa Igunga mwenye adabu zake, akapita na ndoo ya maji. "Shikamooni, akina mama!"

Mama akaitikia. Nasi sote tuliomzidi mlinzi umri, kwa mazoea tu, bila kupanga, tukaitikia pamoja naye: "Marahaba!" Na gari likasogea. Filimbi ikamdondoka dereva mdomoni, akatoa kichwa dirishani akiuliza nani kaachia breki, na breki iko chini ya mguu wake mwenyewe.

Mama Masjala hakuishusha kamba begani.

"Hebu rudia," akamwambia mlinzi.

"Nirudie nini, Mama?"

"Nisalimie tena."

Mlinzi wa watu alitusalimia jioni ile mpaka mkono wenye ndoo ukamfa ganzi. Tulijifunza kuvuta pumzi kwenye *mara*, kuishikilia kwenye *ha*, na kurudi nyuma wote kwa pamoja kwenye *ba*. Mama alitoa sharti moja tu, kwamba asiitikie mtu ambaye si mkubwa kwa anayesalimia, hata kwenye mchezo. Kwa hiyo tulitajiana umri, na hapo ukweli mwingi ukajulikana uliokuwa umefichwa kwa rangi ya nywele. Mdogo wetu wa mapokezi alikuwa mdogo kwa kila mtu. "Wewe vuta kimya," Mama akamwambia. "Marahaba yako bado haijaiva."

Siku ya bonanza tulikaa kwenye kamba kama watu waliokwisha kula mbuzi. Kamba ikakaza. Vijana wa ng'ambo wakajipanga, wakikonyezana. Wa kwanza akapaza sauti, "Shikamoo, Mama!"

"Ma-ra-ha-BA!"

Nikaona sura ya mwanamke aliyekuwa mbele yangu upande wa pili ikibadilika. Wa pili akasalimia kabla hajaelewa kinachotokea. "Ma-ra-ha-BA!" Wakasogea tena. Mtu wao akapiga kelele, "Nyamazeni! Acheni kumsalimia!" Uwanja mzima ukanyamaza. Bila salamu sisi nasi tukakwama, maana tulikuwa tumezoea wimbo mmoja tu. Mikono ilianza kuniwaka. Dereva alikuwa anazunguka zunguka akiwabembeleza vijana wale, "Jamani, hata mmoja? Mmekosa malezi?" Nao wamefumba midomo, macho chini kwa aibu, kwa sababu kumpita mtu mzima bila kumsalimia kunauma, hata kama ni kwa ajili ya mbuzi.

Ndipo akafika bosi wao. Alikuwa amechelewa, ameshuka kwenye gari anajifuta jasho, hajui lolote. Zamani za ujana wake aliwahi kufanya kazi chini ya Mama Masjala. Akamwona pale mwisho wa kamba, akavua kofia, na watu wake hawakuwahi kumziba mdomo.

"Shikamoo, Mama yangu!"

Sijawahi kusikia neno marahaba likitamkwa vile. Lilitoka tumboni kwa yule mama, likatupitia sote migongoni, na tulipofika kwenye *ba* wenzetu wa ng'ambo walikuwa wamelala mmoja juu ya mwingine. Mama Masjala peke yake hakushangilia. Alikuwa amemgeukia bosi wao. "Hujambo, baba? Wale watoto wako wameshaanza shule?" Ndipo akaenda kumfungua mbuzi wake.

Akastaafu baada ya miezi michache. Tulimwaga kwa pilau na khanga, akatuambia tusiegemee makabati, akaondoka kwa mwendo wake uleule. Alirudi kututembelea mara kadhaa, na kila alipokuja mhasibu alishuka ngazi mwenyewe. Kisha akaacha kuja.

Habari nilizipata sokoni kwa binti yake. Mama alipata kiharusi. Mguu unarudi, mkono mmoja una nguvu zote, chakula anakula, ila ulimi umegoma. Nikamwambia nitakuja Jumapili. Binti akasitasita. "Mama hataki wageni, dada. Si kwamba anaumwa sana. Mtu akimwamkia, anahangaika aitikie, haitoki, anaanza kulia. Sasa akisikia hodi anaonyesha kwa mkono nifunge mlango."

Nililia njiani, nalisema wazi. Maneno mengine yote angeyakosa tu, angeyacheka. Lakini hilo!

Jumapili nilikwenda Isevya na bakuli la michembe. Binti akanipokea barazani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukiingia sema pole tu, inatosha. Shikamoo usiitaje. Hata mimi siku hizi simwamkii."

Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, khanga safi, miwani kichwani. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Aliponiona alitazama chini, akaanza kukunja pindo la khanga kwa ule mkono mzima. Nilikuwa nimeiandaa ile pole. Ilikuwa tayari mdomoni. Lakini katika miaka yote ile sikuwahi kuingia chumba alichokuwamo yule mama nikakaa bila kumwamkia, na nikaona kwamba nikinyamaza, mimi ndiye nitakuwa nimemfungia mlango. Nikapiga goti kwenye mkeka, nikampa mkono.

"Shikamoo, Mama."

Akafumba macho. Midomo ikakutana, ikatetemeka kwa ile *ma*, ikaachana. Ikajaribu tena. Chozi likamtoka jicho moja, na kule uani nikasikia binti yake ameacha kuosha vyombo. Nilitaka kusema basi, Mama, basi. Sikusema. Nilimwachia mkono wangu.

Ndipo akaushika. Nilisikia kwanza vidole vyake, vile vya kupangusia mafaili. Kisha nikaona visigino vyake vinatafuta mahali kwenye mkeka, vinachimba. Akaegemea nyuma. Akavuta pumzi, akaishikilia, na mahali palipotakiwa kuwa na *ba*, akanivuta. Nilianguka kifudifudi mapajani mwake, bakuli likaenda upande wake, michembe ikatapakaa chumba kizima.

Alikuwa anacheka. Kicheko kilitoka nusu mdomo, lakini kilikuwa chake.

Binti alikuja mbio, mikono ina povu. "Kuna nini? Ameanguka?"

"Nimeanguka mimi," nikasema. "Ameniitikia."

Hakuelewa. Hakuwahi kushika ile kamba. Alitutazama sote wawili, mama yake anafuta machozi kwa khanga huku mabega yakimtikisika kwa kicheko, mimi naokota viazi kwenye mkeka. Kisha akajipangusa mikono kwenye nguo, polepole, akapiga goti mlangoni palepale.

"Shikamoo, Mama."

Mama Masjala akamnyooshea mkono.

"Jishikilie," nikamwambia.